Halali Iliyo Nafuu: Mazungumzo juu ya Programu za Picha Kariakoo

Mazungumzo ya jioni hii nimeyakusudia kwa jamaa ambao kazi yao twaihitaji sote, ilhali ni wachache miongoni mwetu waliopata kuketi wakazifikiri zana zao. Jamaa hao ni mafundi wa picha wa Kariakoo na mitaa iliyo jirani nayo, wale wa Msimbazi na Uhuru, wa Aggrey na Livingstone, wa Lumumba mpaka kuelekea Mnazi Mmoja, ambao humpiga picha ya pasipoti mtu anayewahi Uhamiaji, wakasafisha picha za harusi na za kipaimara, wakatengeneza kadi za michango, kalenda za mwaka mpya na mabango ya maduka, na msiba unapotokea ghafula wakaitoa sura ya marehemu katika picha ya simu iliyofifia, wakaikuza na kuing'arisha hata ikafaa kuwekwa mbele ya waombolezaji.

Kazi yote hiyo siku hizi hufanyika ndani ya kompyuta kwa programu ya kuhariri picha, na aghalabu programu yenyewe ni Photoshop ya kampuni ya Adobe ya Marekani. Na aghalabu vilevile, tuseme kweli bila ya kumsuta mtu, nakala iliyomo ndani ya kompyuta ile imeingia pasipo idhini ya mwenyewe: imeletwa na fundi aliyekuja kupiga windo, yaani kuiweka Windows, ikiwa juu ya flashi pamoja na programu nyingine chungu nzima, imevunjwa kufuli lake, na kila toleo jipya linapotoka hutafutwa flashi nyingine. Swali lililonileta mbele ya kipaza sauti ni hili: mwenye studio ndogo, mwenye fremu moja na kompyuta moja au mbili, akitaka kuhama kutoka programu yake ya zamani kwenda iliyo mpya kwa njia ya halali, je, ipo njia ambayo mfuko wake unaweza kuihimili? Jawabu langu ni kwamba ipo, tena zipo njia kadha, na kwa kadiri ninavyoyatazama mambo yalivyo leo, njia ya halali imekwisha kuwa nafuu kuliko ile ya wizi, jambo ambalo miaka kumi na mitano iliyopita nisingalithubutu kulisema.

Kwanza na tuone jinsi tulivyofika hapa. Katika enzi za filamu, fundi wa studio aliketi mbele ya taa na negativu mkononi, akaifuata sura ya mteja wake kwa penseli iliyochongwa ikawa nyembamba mno, akiziba hapa kovu na pale kunyanzi, na kosa moja la mkono lilitosha kuiharibu kazi nzima. Studio kongwe za pwani yetu, na miongoni mwao Capital Art Studio iliyoasisiwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930, ziliishi kwa mali ya kushikika: kamera, filamu, karatasi na dawa. Hata Mohamed Amin, aliyekuja kujulikana ulimwenguni kote kwa picha zake, alipoanzisha Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963, mzigo wake wa gharama ulikuwa wa vitu vya aina hiyo, na hapakuwa na mpiga picha aliyedhani kwamba filamu au karatasi yaweza kuingia dukani kwake bila ya kulipiwa.

Kisha zana ikageuka maandishi. Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, alianza kuandika programu ya kuonyesha picha kwenye skrini ya Macintosh yake; nduguye John, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Industrial Light & Magic ambako hutengenezwa mandhari za sinema, aliona faida iliyofichika ndani yake akamhimiza aiendeleze, na Februari 1990 Adobe ikaitoa sokoni kwa jina la Photoshop. Penseli, brashi na chumba cha giza vikaingia vyote katika kifaa kimoja kisichoshikika, na kwa kuwa kitu kisichoshikika chaweza kunakiliwa bila ya kumpungukia mwenyewe, watu wengi wakajisadikisha kwamba hakina mwenyewe.

Hapo ndipo panaponitia simanzi, maana watu wa Kariakoo wanayo mbele ya macho yao hoja ya kuivunja fikra hiyo. Jengo la Soko Kuu, lililofunguliwa mwaka 1975, kabla ya kuwa saruji na nguzo lilikuwa fikra kichwani mwa msanifu Beda Amuli na mistari juu ya karatasi, na hapana mwenye akili timamu atakayesema kwamba mistari ile haikuwa kazi, wala haikustahili ujira, kwa sababu yule aliyeitazama angaliweza kuinakili. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyo Sheria Namba 7 ya mwaka huo, na ambayo ndiyo iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini, imeziweka programu za kompyuta pamoja na vitabu, vijitabu na maandishi mengineyo. Na sheria hiyo hiyo imezihifadhi picha za kupigwa kwa kamera. Ewe fundi wa picha, zingatia maana ya jambo hilo. Siku utakayoikuta picha uliyoipiga harusini imechukuliwa na mtu mwingine, ikatiwa katika bango la saluni yake au katika tangazo la kuuzia nguo bila ya kukuuliza, utakapokwenda kudai haki yako utaitegemea sheria ile ile inayomlinda aliyeiandika programu uliyoitumia kuihariri picha hiyo. Haiwezekani kuishika kwa mkono mmoja na kuisukuma kwa mkono wa pili. Na fauka ya hiyo ya 1999, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ina kifungu chake juu ya kukiuka haki za wabunifu kwa kutumia kompyuta, kwa hiyo asidhani mtu kwamba mambo haya yameachwa kwa dhamiri peke yake.

Lakini insafu yanitaka niseme na upande wa pili. Wale walioiba hawakuiba wote kwa ufisadi wa moyo. Photoshop CS6, toleo la mwisho lililouzwa kwa mtu kulimiliki moja kwa moja, lilipotoka mwaka 2012 bei yake Marekani ilikuwa dola 699, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilizidi shilingi milioni 1. Na yule aliyekwisha kuwa na toleo la nyuma yake la halali aliongezewa lililo jipya kwa dola 199. Nafuu hiyo ya kupanda daraja ilikuwa ni ya aliyeanza na halali, wala asiyekuwa na pa kuanzia hakuipata. Kijana aliyepanga fremu Kariakoo, akalipa kilemba na kodi ya miezi kadha kwa mkupuo, akanunua kamera na printa, angezitoa wapi dola 699, na hata kama angekuwa nazo angezilipa kwa kadi gani? Bei ile ilipangwa kwa kipato cha watu wa mbali, na ni haki kulitamka jambo hilo kwa sauti kubwa. Nisemacho ni kwamba udhuru uliokuwa na nguvu mwaka 2012 leo umekwisha nguvu.

Tena ile nakala ya bure kamwe haikuwa ya bure. Programu iliyovunjwa kufuli humwamuru mwenye kompyuta, kabla ya kuingia, aizime programu yake ya kuzuia virusi. Na mtu anayemfungulia mlango asiyemjua, kisha akamfukuza na mlinzi, hajui alichokiingiza. Humo huweza kujificha programu hasidi zinazoiba nywila, zinazofungia mafaili yote hata mwenyewe atoe fidia, au zinazoitumia kompyuta usiku na mchana kwa kazi ya mtu mwingine hata mashine ikawa nzito na fundi akadhani imezeeka. Na ndani ya kompyuta ya studio hamna mali ya mwenye studio peke yake. Mna picha za pasipoti za watu pamoja na majina yao, mna nakala za vitambulisho walizoleta kuchapa, mna picha za faragha za maarusi, mna WhatsApp iliyoachwa wazi ambamo wateja hutuma kila kitu. Flashi ya Kariakoo haitulii mahali pamoja: asubuhi iko studio, adhuhuri iko steshenari, alasiri iko kwa mchapaji wa mabango, na kilichoingia katika duka moja kabla ya jua kuchwa kimekwisha kuingia katika matatu. Wahenga waliposema mchuma janga hula na wa kwao hawakuijua kompyuta, ila maneno yao yameangukia hapo hapo.

Sasa nije katika njia zenyewe, na nitaanza na ile ambayo watu wengi huiruka, nayo ni kuuliza kama toleo jipya lahitajika hata kidogo. Chukua mtu mwenye Photoshop CS6 ya halali, aliyoinunua zamani, naye amenunua kamera mpya ambayo mafaili yake ghafi, yale yaitwayo RAW, hayafunguki. Atakimbilia kusema programu imepitwa na wakati, na kweli Adobe iliacha kuiongezea CS6 uwezo wa kufungua mafaili ya kamera mpya tangu mwaka 2015. Lakini kampuni hiyo hiyo hutoa bila ya malipo programu ndogo iitwayo Adobe DNG Converter, ambayo huyageuza mafaili ghafi ya kamera mpya yakawa ya namna ya DNG, na CS6 huyafungua hayo bila ya shida. Kadhalika watengenezaji wa kamera wenyewe hutoa programu zao bure kwa ajili ya mafaili ya kamera zao: Canon wanayo Digital Photo Professional, Nikon wanayo NX Studio tangu 2021, na Sony wanayo Imaging Edge. Mtu amekwisha kuilipia kamera kwa mamilioni, na programu hiyo ni sehemu ya alichokilipia. Basi ni ajabu kwamba katika studio nyingi haijapata hata kupakuliwa.

Kama uchunguzi umeonyesha kwamba Photoshop mpya ndiyo itakiwayo, kwa mfano kwa studio ya harusi yenye wateja wa kila wiki na wahariri waliokwisha kuizoea, basi ijulikane kwamba tangu mwaka 2013 Adobe imeacha kuuza milki ya matoleo mapya, sasa inapangisha. Wenye maduka wa Kariakoo watalifahamu hili mara moja kwa kulilinganisha na fremu: unalipa kodi, unatumia, na siku utakayoacha kulipa mlango unafungwa, ingawa bidhaa zako, yaani picha zako, zinabaki kuwa zako. Mpango wao wa wapiga picha, wenye Photoshop na Lightroom pamoja, ni takriban dola 20 kwa mwezi. Kwa kadiri ya shilingi 2,500 kwa dola hiyo ni kama shilingi 50,000, au 600,000 kwa mwaka, ambazo ukizigawa kwa siku za mwaka hazifiki shilingi 1,700 kwa siku. Huenda ikaongezwa juu yake Kodi ya Ongezeko la Thamani, maana tangu mwaka 2022 sheria zetu zinawataka wauzaji wa huduma za kidijitali walio ng'ambo nao waitoze. Kwa studio yenye kazi nyingi sioni kwamba gharama hiyo ni ya kulalamikiwa. Umeme huenda ukaishinda. Na leseni moja ya mtu mmoja humruhusu kuiweka programu katika kompyuta mbili, ya dukani na ya nyumbani, maadamu hazitumii zote mbili kwa wakati mmoja. Mwalimu na mwanafunzi wana punguzo kubwa, lakini punguzo hilo ni la mwalimu au mwanafunzi mwenyewe, si la kuendeshea duka kwa kitambulisho cha mpwa aliyeko chuoni.

Hapa yapasa hadhari moja, na nitaitia mkazo kwa sababu imewaumiza watu hata katika nchi za watengenezaji wenyewe. Upo mkataba wa mwezi kwa mwezi, na upo mkataba wa mwaka mzima unaolipwa kwa mwezi, ambao bei yake ni ndogo zaidi na kwa hiyo ndio unaovutia. Aliyeingia katika huo wa pili, akataka kutoka baada ya siku 14 za mwanzo, hudaiwa nusu ya kiasi kilichobaki cha mwaka. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani ikidai kwamba kampuni hiyo iliificha tozo hiyo na kuwafanyia wateja ugumu wa kujitoa. Mwenye studio ambaye kazi yake ina msimu, anayechuma sana wakati wa harusi na kukauka Mwezi wa Ramadhani au masika yakikaza, na asome sharti hilo neno kwa neno kabla ya kutia nambari ya kadi yake. Na wale wauzao anwani na nywila ya akaunti kwa bei ya kutupa, wakisema hii ni Photoshop ya mwaka mzima, jamaa wasiwaamini: akaunti hiyo ni ya mtu mwingine, ama ni ya chuo, ama imelipiwa kwa kadi ya wizi, na siku mwenyewe atakapoibadili nywila mnunuzi hana pa kushitaki.

Nimeyakawiza makusudi yaliyo bora kuliko hayo yote. Zipo programu za kuhariri picha ambazo mtu huzichukua bila ya kutoa hata thumuni, kwa ridhaa kamili ya walioziandika. Kongwe yao ni GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na tangu hapo imeendelezwa na watu wa mataifa mengi kwa kujitolea. Kwa miaka mingi mafundi wetu waliidharau, na si bure, kwa maana ilikuwa na upungufu: ukishaitia picha athari fulani hukuweza kurudi nyuma kuibadili bila ya kutangua yaliyofuata. Toleo lake la 3.0, lililotoka Machi 2025, limeliondoa kwa sehemu kubwa tatizo hilo, likaongeza na uwezo wa kuyashughulikia vizuri zaidi mafaili ya Photoshop. Kwa picha ya pasipoti, kubadilisha rangi ya nyuma, kusafisha uso, kukata na kupanga picha nane katika karatasi moja, haina inachokosa. Krita, ijapokuwa imetungwa kwa ajili ya wachoraji, hufanya kazi katika rangi nne za uchapaji, zile za CMYK ambazo mchapaji wa mabango huzidai; na darktable hushika mahali pa Lightroom kwa mafaili ghafi. Aliye na intaneti na kompyuta dhaifu ataifungua Photopea, iliyoandikwa na Ivan Kutskir, ndani ya kivinjari chake, na humo atakuta sura inayofanana mno na Photoshop hata mkono hautapotea. Malipo yake ni kuyavumilia matangazo pembeni. Na yule anayefanya kazi zake zote katika simu, nao wamekuwa wengi, anayo Snapseed ya Google.

Ipo vilevile Affinity, ya kampuni ya Serif ya Uingereza, ambayo kwa muda mrefu iliuzwa kwa malipo ya mara moja na ikawapa tumaini wengi waliochoshwa na kodi ya kila mwezi. Machi 2024 ilinunuliwa na Canva ya Australia, na Oktoba 2025 Canva ikatangaza kwamba Affinity mpya, yenye kuhariri picha, kuchora na kupanga kurasa pamoja, itatolewa bure kwa kila aliye na akaunti ya Canva, isipokuwa vile vifaa vya akili unde ambavyo ni vya walipaji. Ni programu nzuri, yenye nguvu, na CMYK yake ni ya kutegemewa. Mimi ningemwelekeza huko mwenye studio ambaye kompyuta yake ni imara. Lakini na aelewe tofauti ya bure hizi mbili. Bure ya Affinity ni hisani ya tajiri, na tajiri akibadili nia kesho hapana wa kumzuia kwa matoleo yajayo. Bure ya GIMP na Krita na darktable imeandikwa ndani ya leseni yenyewe, ile ya GNU GPL, na toleo lililokwisha kutolewa kwa leseni hiyo hapana awezaye kulirudisha nyuma, si kampuni wala walioliandika. Kwa mtu anayejenga riziki ya miaka ishirini, tofauti hiyo ina uzito mkubwa, na kwa sababu hiyo hata anayetumia Affinity ningependa awe na GIMP ndani ya kompyuta yake.

Gharama ya kweli katika kuhama huku ni mazoea. Vidole vilivyokariri njia za Photoshop kwa miaka kumi vitakwama, kazi iliyokuwa ikichukua robo saa itachukua saa nzima, na mteja amesimama mlangoni akiuliza kama bado. Wala si kila faili la Photoshop litafunguka sawasawa katika GIMP. Maandishi huweza kupoteza umbo, na tabaka zenye athari nyingi huweza kuvurugika. Kwa hiyo busara ni kutohama kwa siku moja. Zile kazi nyepesi za kila siku zianze kwanza, picha za pasipoti na kadi za michango, kompyuta moja itangulie na nyingine ifuate, na yale mafaili ya zamani yenye thamani yahifadhiwe pia katika TIFF au PDF ili yasibaki mateka ya programu moja. Na kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa mjini haziwezi kubeba Windows 11, wengine watalazimika kuhama vyovyote iwavyo. Basi huo ni wasaa wa kubadili mfumo wa kompyuta na programu ya picha kwa pamoja, maana GIMP na Krita na darktable hufanya kazi katika mfumo wa Linux sawasawa na katika Windows, na Linux nayo hailipiwi.

Kuhusu malipo, kikwazo cha zamani cha kukosa kadi kimepungua, kwani mitandao ya simu sasa humtolea mteja kadi ya kidijitali inayochota katika salio lake la simu. Mtu hutia humo kiasi kile kile anachotaka kukatwa, na hilo lenyewe ni kinga. Anunue katika tovuti ya mwenye programu, risiti ije kwa jina lake au la biashara yake. Akinunua kwa wakala wa hapa mjini, adai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kama adaivyo anaponunua friji, na leseni iwe katika jina lake.

Nabakiwa na neno kwa wale wauzao programu juu ya flashi na wale wanaopita maduka kwa maduka kupiga windo, ambao kwa kawaida watu huwasema kwa ukali. Mimi naona wana kazi yenye manufaa iliyokosa bidhaa ya halali, na bidhaa hiyo ipo. Leseni ya GPL haimkatazi mtu kuinakili programu, wala haimkatazi kuuza nakala. Humtaka tu aiache leseni yake ndani yake na amwezeshe mnunuzi kuupata msimbo wake asilia. Mtu aweza kusimama Mtaa wa Kongo mchana kweupe, na flashi yenye GIMP, Krita, darktable na Inkscape ya kuchorea, pamoja na maelezo ya Kiswahili aliyoyaandika mwenyewe, akaiuza kwa bei wanayopatana, na asiwe na wa kumhofu. Maarifa ya aina hiyo si mageni katika mji huu: mwaka 2004, pale Mlimani, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao wa Sweden uliifasiri OpenOffice kwa Kiswahili na kuitoa kwa jina la Jambo OpenOffice, na watu waliweza kuandika barua na kupiga hesabu kwa lugha yao bila ya kumlipa mtu. Ilifasiriwa programu ya kuandikia. Ya picha nayo yahitaji wafasiri, na sioni ni kwa nini wasitoke miongoni mwa vijana wa studio za Kariakoo, wanaoyajua maneno ya kazi hiyo kuliko mwanachuo yeyote. Milango ya miradi hiyo iko wazi kwa kila atakaye kufasiri, na kazi yaweza kuanza kwa menyu moja.